Wau Iliyoachwa Angani

Mume wangu Nurdine ana mikono miwili mizuri na kichwa kimoja kigumu. Mikono hiyo ilijifunza kutengeneza tiara kwa Mmalei mmoja waliyepika naye kwenye meli, miaka ile kabla ya vita. Usidhani ni tiara kama za watoto wetu wa Palma, za mfuko wa plastiki na vijiti vya ufagio. Yake ni kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu, ina mabawa mapana juu, na chini imekatwa kama mwezi mwandamo. Mmalei aliiita wau, basi Nurdine naye anaiita wau, na ukiiita tiara mbele yake atanuna mpaka chakula kipoe.

Mtu huyu asiyeweza kusubiri chai ichemke husubiri mwanzi ukauke siku nenda rudi. Huupasua, huuchonga kwa kisu, huuweka juu ya kidole aone kama unalalia upande, kisha huchonga tena. Maua ni kazi yangu. Nakata karatasi za kung'aa kwa ncha ya wembe, tabaka juu ya tabaka, nyekundu juu ya kijani juu ya dhahabu, na nikikosea jani moja naanza upya. Mwisho kabisa, kichwani mwa wau hufungwa upinde wenye ukanda wa ukindu uliovutwa sawasawa. Upepo ukipita hapo, ukanda hunguruma. Nurdine anasema wau isiyonguruma ni pambo la ukutani.

Tulipanga kuirusha siku ya Idi. Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Mtwara, na majirani wengi nao walikuwa wanarudi mmojammoja, wanaezeka upya, wanafyeka vichaka vilivyoota jikoni. Tukasema tuwape watu kitu cha kutazama juu bila kuogopa. Kwa hiyo tuliificha. Hakuna jirani aliyeiona.

Siku chache kabla ya Idi, Nurdine akaipeleka nyuma ya mikorosho kuijaribu. Ilikuwa alasiri, mawingu yamekaa chini, na wau ilipopanda ikaingia humo isionekane. Sasa sikiliza kosa lenyewe. Mmalei alimfundisha kwamba wau ikishashika upepo haikai mkononi. Unafunga kamba kwenye kisiki, unaondoka zako, unaiacha iimbe. Huko kwao watu hulala kwa sauti ile. Nurdine akafunga kamba, akaenda msikitini kuswali.

Sisi wa Palma, tangu ndege za vita zitupitie juu, hatulali kwa sauti inayotoka angani.

Upepo uliongezeka, na ule mngurumo ukawa mzito, juu ya mapaa, ndani ya mawingu, bila kitu cha kuonekana. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ndege! Wamerudi!" Mtaa mzima ukaanza kukimbia. Mimi nilikuwa napika uji wa futari, nikakimbia na sufuria. Uji uliniunguza paja na sikuusikia. Msikitini walitoka bila viatu, na Nurdine alikuwa miongoni mwao. Naam, mwenye wau alikimbia wau yake mwenyewe, tena kwa kasi kuliko wengi.

Tulipofika mashamba ya muhogo, wingu likapasuka kidogo. Nurdine akatazama nyuma, akaona mwezi wake mwekundu umening'inia juu ya nyumba zetu. Akanishika mkono. "Mama Tarique," akaninong'oneza, "ile ni wau."

Angepiga kelele pale pale, yangekwisha. Watu walikuwa bado karibu, wangesikia, wangemtukana, jioni tungecheka. Lakini aliona aibu, na mimi sikumlazimisha, kwa kuwa na mimi niliona aibu. Akarudi peke yake, akaishusha, akaitenganisha vipande, akaisukuma chini ya kitanda. Kabla ya magharibi wengi walikuwa wamerejea. Bwana Venâncio wa administração, ofisi ya serikali, mtu wa Beira, akaja kusimama katikati ya mtaa na kutuambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Boato, minha gente. Ndege hakuna. Ni boato tu, uvumi." Watu hawakumwamini. Masikio yao walikuwa nayo wenyewe.

Jirani yetu Mwanahamisi hakurudi. Alikuwa amewachukua watoto wake na mama yake mzee, Bi Atija, akaenda moja kwa moja kuelekea Namoto, kwenye kivuko cha mpakani, avuke Ruvuma kwa mara ya pili maishani mwake. Habari zikatufikia baada ya Idi: Bi Atija alianguka njiani, karibu na Kionga, na hakuinuka. Wamemzika huko huko.

Tangu siku hiyo Nurdine alikuwa anakula kama anayemeza mchanga. Hakugusa mwanzi. Usiku nilimsikia anageuka huku na huku, na chini yetu wau imelala na maua yangu. Bi Atija ndiye aliyenifunga kanga siku ya harusi yangu. Kila nilipopita mbele ya nyumba yao iliyofungwa niliharakisha hatua.

Mimi uongo siuwezi. Mama yangu alinilea kwa kofi moja kwa kila uongo, na watoto wote wa mtaa wanalijua hilo. Wakibishana huja kuniuliza mimi. Nikamwambia Nurdine, "Baba Tarique, yule mtu anangoja arobaini ya mama yake imalizike, kisha anavuka. Akishavuka hutampata tena. Nenda kamwombe radhi akiwa upande huu."

"Nitamwambia nini?"

"Ukweli. Kwani una kingine?"

Nilijiona nimesema jambo la maana sana.

Tukapanda mota, pikipiki ya abiria, dereva mbele, Nurdine katikati, mimi nyuma. Kionga Nurdine aliomba tusimame karibu na makaburi. Tulisimama, lakini hakushuka. Dereva akauliza kama tunaendelea, nikamwambia tuendelee.

Tulimkuta Mwanahamisi Namoto, kwenye kibanda cha shemeji yake, anakaanga mihogo ya kuwauzia wanaongoja kuvuka. Alikuwa amekonda. Alipotuona alisimama, akatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililoniumiza kwanza.

"Karibuni! Mmetoka Palma mpaka huku kwa ajili yangu mie?"

"Pole kwa msiba, mdogo wangu," nikasema.

"Nishapoa, Mama Tarique. Kazi ya Mungu."

Nurdine hakukaa. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. "Dada, nimekuja kuomba radhi. Ile sauti ya siku ile haikuwa ndege. Ilikuwa tiara yangu. Niliifunga kwenye kisiki nikaenda kuswali. Nilijua tukiwa bado mashambani, nikanyamaza. Mama amekufa kwa sababu yangu."

Nilingoja apige kelele. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata kwa mafuta ya moto. Mwanahamisi aliinama akageuza mihogo, kipande kimoja kimoja, mpaka yote ikageuka.

"Alisema," akasema.

"Nani?" nikauliza.

"Mama. Alikuwa kakaa barazani. Akaniambia, tulia mwanangu, hiyo si injini. Injini haipungui upepo ukipungua. Sikiliza, hiyo inapumua, hicho ni kitu cha kamba." Alizungumza taratibu, anatazama karai. "Nikamwambia, mama, masikio yako yamezeeka. Nikamvuta. Akashika nguzo ya baraza. Nikambandua vidole, kaka Nurdine, kimoja kimoja. Nikambeba mgongoni analia kwamba anataka kubaki kwake."

"Kosa ni langu, dada. Si lako."

"Wewe ulirusha tiara," akasema Mwanahamisi. "Mie ndiye niliyembeba."

Nilitamani ardhi inifunike. Mwezi mzima yule mwanamke alikuwa analala akijua kwamba mama yake alikosea na yeye aliwaokoa watoto. Hicho tu ndicho alichokuwa nacho. Sisi tulipanda mota kutoka Palma kuja kumnyang'anya, ili mume wangu apate usingizi, na mimi nijione mkweli. Tulikuja kutua mzigo wetu, tukamtwika yeye.

"Tusamehe," nikasema, na neno lenyewe likanichosha.

Yeye akatazama njiani. Binti yake, Nazira, alikuwa anakuja na ndoo ya maji kichwani. Mwanahamisi akajifuta uso kwa pindo la kanga, haraka haraka.

"Yule alikuwepo," akatuambia kwa sauti ya chini. "Alimsikia bibi yake. Alinikuta nabandua vidole. Kila siku ananiuliza: mama, bibi alisema kweli? Mwambie, kaka."

"Nimwambie nini?" akauliza Nurdine.

"Mwambie ilikuwa ndege."

Nurdine akanitazama. Alikuwa anangoja nimsaidie, nimpe ruhusa, sijui. Niliangalia pembeni. Nazira akatua ndoo, akatuamkia, shikamoo baba, shikamoo mama, na Nurdine akachuchumaa mbele yake.

"Nazira, mwanangu, siku ile ilikuwa ndege. Niliiona mimi mwenyewe. Mama yako alifanya vizuri kuwakimbiza."

Mtoto alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akamwacha, akanigeukia mimi. Walinijua, watoto wa mtaa ule.

"Kweli, Mama Tarique?"

Mwanahamisi alikuwa ameacha kugeuza mihogo.

"Kweli," nikasema. "Hata mimi niliiona."

"Kwa hiyo bibi alikosea?"

"Bibi alikosea."

Nazira akashusha pumzi ndefu. Akaenda akakaa karibu na mama yake, akamlalia begani, na Mwanahamisi akamshika kichwa huku anatutazama sisi. Baadaye alituwekea mihogo kwenye sahani, akaongeza chumvi na pilipili kama desturi, akatuambia tule kabla haijapoa. Tulikula yote, kwa kuwa hatukuwa na uso wa kukataa.