Maua ya Jeneza la Janna

Mke wangu Janna alikosea jambo moja tu: alikufa tarehe ishirini na nne Aprili. Zamani ingekuwa siku safi kabisa ya kufa. Msitu ulio kati ya shamba letu na la Roelof ulikuwa mweupe pe kwa maua madogo ya anemoni wakati huo, na Janna aliniamuru, maana hata kitandani alikuwa akiamuru, kwamba jeneza lake lifunikwe maua hayo. Ya dukani hakuyataka.

Kwetu vijijini Twente, msiba ni kazi ya jirani wa kwanza. Yeye hutangaza nyumba kwa nyumba, hukata maua ya jeneza, na pamoja na majirani wengine hulibeba. Wafiwa hawagusi kitu. Na jirani yangu wa kwanza ni nani? Roelof Wesselink, mwenye nguruwe elfu nne.

Mimi si mtu wa kusema watu. Miaka thelathini sikumsema. Atakayekubeba kaburini utamgombezaje kwa sababu ya harufu? Banda lake lilipumulia msitu mchana kutwa, gesi ya samadi ikarudi ardhini na mvua, mbolea ya bure, asante sana. Mtaalamu mmoja alikuja akapiga magoti kwenye majani na kuhesabu mimea. Akatueleza kwamba mimea midogo ya msituni imezoea kula kidogo. Ukiilisha kupita kiasi, walafi wawili watatu huinuka wakaifunika mingine yote. Tukamnywesha kahawa, akaenda zake. Kisha vikaja viangazi vya ukame, misonobari ikafa imesimama, jua likapenya hadi chini, na upupu wa majani ya kuwasha na miiba vikajikaribisha. Roelof alifurahi jinsi msitu ulivyokuwa wa kijani. Nikamwitikia kwamba ni kijani kweli. Janna tu ndiye aliyepiga kelele, tena jikoni kwangu, kwa kuwa nilimkataza kwenda kwa Roelof.

Basi asubuhi baada ya kifo Roelof akaja, kavaa nyeusi, kofia mkononi. Ningeweza kumwambia asijisumbue. Nikampa kikapu nikanyamaza, na nakiri haikuwa kwa heshima ya marehemu.

Alirudi baada ya muda wa saa tatu. Suruali imechanika, mikono imevimba na kuwa myekundu hadi kwenye viwiko, kikapu kitupu.

"Nimefika mpaka kijitoni, Derk. Hakuna hata moja. Yako wapi?"

"Machache yaliyobaki yalichanua mwezi wa tatu. Siku hizi baridi inaondoka kabla haijavua koti."

"Na yale mengine?"

"Nguruwe wako wameyalisha samadi yakafa. Mimi nikawa natazama."

Akakaa kwenye kiti cha Janna bila kuomba ruhusa. Akajikuna mikono.

"Mbona hukuniambia, jirani?"

"Na mke wangu angebebwa na nani?"

Akasema atakwenda mjini kununua mawaridi, mazuri, mengi, nisijali. Nikakataa. Nikamwambia Janna alitaka vya msituni, kwa hiyo akalete kilichomo msituni. Alinikodolea macho, akaelewa. Alitoka bila glavu.

Ndivyo Janna alivyozikwa chini ya upupu, mbichi, kijani kinachong'aa. Wabebaji sita waliliweka jeneza begani na majani yakawagusa mashavu. Hakuna aliyelalamika, sisi watu wa adabu bwana, tunawashwa kimyakimya. Nilicheka, Mungu anisamehe, nikalia papo hapo, maana ningetoa shamba zima nipate konzi moja tu ya yale maua meupe.

Mlangoni pa makaburi nilivunja desturi. Nilimwambia Roelof anipishe, nikaingiza bega langu chini ya jeneza, shavu kwenye majani, na sikuugeuza uso mpaka tulipofika shimoni.