Pedi Mpya za Gari la Mkunga

Saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumanne, Fundi aliinua kwa jeki gari dogo jeupe la mkunga, akafungua tairi la mbele kushoto na kupenyeza kidole penye pedi ya breki. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake: kidole kwanza, macho baadaye. Pedi ya ndani ilikuwa imelika hadi chuma. Diski nayo ilikuwa imechimbika mifereji inayoshika ukucha.

"Ulikuwa unasimamaje, dada?" aliuliza.

"Kwa dua," mkunga alijibu.

Fundi alimweleza kwamba kuweka pedi mpya juu ya diski zile ni kazi bure, wabadilishe vyote. Mkunga akakubali, akaketi kwenye benchi. Fundi akaining'iniza kalipa, kile chuma kinachobana pedi, kwa waya ili mpira wa mafuta usivutike, akaigonga diski kuukuu hadi ikaachia, akaifuta mpya kwa kitambaa kikavu, akairudisha pistoni ndani polepole na kupachika pedi. Kisha akahamia upande wa kulia. Kufikia saa nne tairi zote zilikuwa chini. Aliingia kwenye kiti cha dereva, akaisukuma pedeli mara kadhaa hadi ikawa ngumu, halafu akaikanyaga barabara.

Mtaani, kila chenye gurudumu kikasimama.

Pikipiki mbili zilisimama huku injini zikinguruma. Baiskeli ya muuza mkate ilisimama. Mwenyewe alishuka akaisukuma, haikwenda. Mwisho wa mtaa, tingatinga lililokuwa likiiendea nyumba ya mshonaji lilisimama likiwa limebakisha mkono mmoja kufika ukuta wa jiko.

Nyumba kumi na tisa za mtaa ule zilikuwa zimepigwa alama nyekundu ili barabara ipanuliwe. Barua ilisema wakazi wameshirikishwa na wameridhia. Hakuna aliyeshirikishwa. Mshonaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha, na dereva wa tingatinga alikuwa shemeji yake Fundi, mdogo wa mumewe, ambaye asubuhi hiyo alipita kwanza gereji kumwamkia na kumwomba radhi mapema.

Fundi aliinua mguu. Tingatinga likasogea shubiri moja. Akakanyaga tena, likasimama.

"Usiutoe huo mguu," mkunga alisema.

Habari ilienea kabla chai haijapoa jikoni. Watu walikuja mbio, wengine na miswaki mdomoni, wakalizunguka gari na kuchungulia chini ya usukani kuuona mguu wa Fundi. Mzee mmoja aliomba ajaribu, wakabadilishana kiatu kwa kiatu bila kuiachia pedeli, na tingatinga halikutikisika. Hapo shangwe zikalipuka. Mshonaji alikaa ndani ya gari kwa dakika ishirini akiikanyaga kwa miguu yote miwili, akicheka hadi machozi yakamtoka, huku shemeji akimpungia mkono kutoka juu ya mtambo.

Waliandika zamu kwenye kipande cha boksi, saa moja kwa kila mtu. Mambo mengine yalipangwa upya. Magari yaliachwa mtaa wa pili. Mkunga alikwenda kwa wajawazito wake kwa miguu, na wiki ile alizalisha watoto watatu, wawili wao mapacha. Gurudumu la cherehani lilikataa kuzunguka, kwa hiyo mshonaji alishona kwa mkono. Bwana wa barabara, msimamizi wa upanuzi ule, alikuja na faili lake, akaangalia tingatinga, akaangalia gari, akamwuliza aliye zamu kama amechoka. Kisha akaandika: kazi imesimama, sababu ni breki. Alama nyekundu hazikufutwa.

Wiki ya tatu mtaa ulianza kunuka kuungua. Fundi alilala chini, akamulika kwa tochi kupitia matundu ya rimu. Gari halikuwa limesogea hata hatua moja, lakini pedi zilikuwa zimelika kama za gari lililoshuka mlima mchana kutwa. Zilibaki unene wa ganda la yai. Aliwaambia ukweli: pedi mpya anazo, ila kalipa haifunguki pedeli ikiwa imekanyagwa. Lazima waiachie.

Alimwendea shemeji yake, aliyekuwa akila muhogo kwenye kivuli cha mtambo.

"Likienda, nitakwenda nalo," shemeji alisema. "Ndiyo kazi waliyoniajiri."

"Najua."

"Gia ya kwanza, shemeji. Nikipunguza zaidi ya hapo wakubwa wataniona."

Fundi alimchagua mkunga awe msaidizi wake, kwa sababu mikono yake ilizoea kufanya haraka bila kutetemeka. Walifanya mazoezi kwenye gari bovu la gereji, kila mmoja na gurudumu lake. Mara ya kwanza dakika kumi na tisa. Kesho yake tisa. Keshokutwa nne na nusu, na mtaa mzima ukawapigia makofi.

Jumamosi saa tatu asubuhi walitoa masufuria yote jikoni kwa mshonaji. Gari lilikwishainuliwa, tairi za mbele zimefunguliwa. Muuza mkate alishika saa.

"Achia!" Fundi alimwambia mzee, aliyekuwa zamu kwenye pedeli.

Tingatinga lilikwenda. Ukuta wa jiko uliinama kwa ndani, ukakaa chini. Fundi hakugeuka. Bolti mbili, pedi kuukuu nje, pistoni ndani, pedi mpya. Mkunga alimaliza kabla yake, akatangaza kwa sauti ileile anayotangazia mtoto ametoka. Mzee alisukuma pedeli mara tatu, ikaingia tu kama mguu kwenye matope. Mara ya nne ikashika.

Dakika nne na sekunde kumi. Tingatinga lilisimama katikati ya chumba cha kulala, bamba lake la mbele likigusa ubavu wa kitanda.

Watu walirukaruka barabarani. Walimbeba mkunga juu, wakamwagia Fundi maji kichwani. Shemeji alizima taa za mtambo, akashuka kuwapa mkono wote wawili. Bwana wa barabara alizunguka kifusi, akapima kwa hatua, akaandika: nyumba ya kwanza, nusu.

Wanawake wanne walimsaidia mshonaji kukihamishia kitanda sebuleni. Alipomaliza kukitandika alikwenda garini, maana kwenye boksi zamu iliyofuata ilikuwa yake.

"Hizi zitachukua muda gani?" alimwuliza Fundi dirishani.

"Wiki tatu. Ukikanyaga kwa upole, labda nne."

Mshonaji alivua kiatu, akaweka mguu mtupu juu ya pedeli, taratibu, na mzee akautoa wake.