Pini za Fundi Suti

Fundi suti alipostaafu alinunua tela kuukuu la kupigia kambi, lile ambalo ukizungusha mkono wa chuma, paa linapanda na vitanda viwili vinachomoza ubavuni. Bodi ilikuwa nzima. Hema lake ndilo lililooza. Mkewe alilizunguka mara moja, mikono mgongoni, kama mkaguzi.

"Nitasafiri na wewe, baba," akasema, "lakini tone moja likiniangukia kitandani, narudi kwa basi. Mapafu yangu unayajua."

Aliyajua. Mwaka uliopita nimonia ilimlaza mama huyo wiki tatu, na mumewe, kwenye benchi la wodi, aliapa kwamba akipona watakwenda mahali, wao wawili tu. Miaka arobaini aliwashonea watu nguo za safari zao. Yeye hakwenda kokote.

Dukani muuzaji alimtandikia vitambaa viwili. "Hili turubai la pamba, mzee wangu. Ni zito, lakini nyuzi zake zikilowa huvimba, zikaziba vitundu. Hiki chepesi kimepakwa plastiki. Maji hayapiti, ila ukikitoboa..."

"Bwana mdogo, mimi nilishika sindano kabla hujazaliwa," fundi akamkata. Paa la tela halikutaka mzigo, akachukua kile chepesi.

Alishona siku nne sebuleni, viti vimesukumwa ukutani. Kama alivyozoea kwenye suti, alibana kila pindo kwa pini kabla ya kulipitisha kwenye cherehani, pini moja kila upana wa vidole viwili. Mishono ikatoka imenyooka. Akaipaka gundi ya kuzuia maji, akajisifu mwenyewe kwa kukosa wa kumsifu.

Jumamosi asubuhi alilivika tela hema lake. Mkewe akaingia akajilaza, naye akaelekeza mpira wa maji juu ya paa.

"Baba," sauti ikatoka ndani, imetulia mno. "Njoo uone kazi yako."

Matone yalining'inia kwa mstari, kidole kimoja kando ya mshono, yameachana vidole viwili viwili. Mshono wenyewe ulikuwa mkavu. Fundi alielewa palepale. Angeweza kusema kitambaa kipya hutoa jasho. Mkewe hakujua lolote la vitambaa.

"Ni pini zangu," akasema. "Pamba ingejiziba. Plastiki ukiitoboa umeitoboa. Muuzaji alitaka kuniambia, nikamfunga mdomo."

Mkewe akaketi kitandani. "Miaka yote unanichoma makwapani ukinipima magauni, nikidhani ni mapenzi. Kumbe ni mkono tu hautulii. Sasa utasimama hapo, au utaziba?"

"Kuziba ni kubandika kanda kwa gundi. Fundi wa suti habandiki, mama."

"Fundi wa suti kastaafu. Lete gundi."

Kitambaa kilipokauka, mke alilala chali akizungushia chaki kila kitundu kilichopitisha mwanga, na mume akafuata na kanda, magoti yakimlia. Kila alipotaka kuruka kimoja, chaki iligonga mahali pale mara ya pili.

Kesho yake, gundi ilipokwisha kushika, maji yakafunguliwa tena. Fundi akasubiri. Ndani kimya.

"Mama?"

Kimya. Akafunga bomba, akakimbilia mlangoni. Mkewe alikuwa amejifunika shuka hadi kidevuni, macho kayafumba.

"Umefungia nini maji?" akauliza. "Ndiyo kwanza usingizi ulikuwa unanichukua."

Fundi akatoka kwa kunyata, akafungua bomba.