Kovu Upande wa Kidole cha Mwisho

Maumivu yalimshika Haruna saa tatu asubuhi, akichonga ubavu wa boti ufukweni Ujiji. Alidhani ni kiungulia. Lakini kifua kilizidi kubana na jasho likamtiririka, na mdogo wake Nuhu, aliyekuwa akiziba nyufa upande wa pili, hakungoja maelezo. Aliita bajaji, wakampitia Mwamini, mke wa Haruna, na kabla ya saa nne walikuwa hospitali mjini Kigoma.

Hospitali hiyo ilikuwa na chumba cha kuzibua mishipa ya moyo. Dakta Telesphory alisoma kipimo, akampa Haruna vidonge atafune, akawaeleza kwamba mshipa mmoja wa moyo umeziba na hakuna muda wa kupoteza. Angepitisha mrija mwembamba mpaka kwenye moyo, ama kutokea kinenani, ama mkononi. Alipendelea mkono, kwa sababu Haruna alikwisha kupewa dawa za kuzuia damu isigande, na kinenani damu ikivuja ni kazi kuizuia.

Akashika mkono wa kulia. Chini ya kidole gumba mshipa ulidunda vizuri. Ndipo akaona kovu la zamani kwenye kifundo, upande wa kidole cha mwisho, akauliza lilitokana na nini.

Mwamini alijibu kwamba ni bati lilimkwaruza kabla hawajaoana. Ndivyo alivyoambiwa. Haruna, macho ameyafumba, akaitikia kwa kichwa.

Nuhu alisogea kutoka mlangoni.

"Si bati, Dakta," alisema. "Nilimkata mimi, kwa kisu. Mganga wa zahanati alisema mshipa mmoja umekatika, akaufunga."

Mwamini alimgeukia.

Daktari alimwambia Haruna akunje ngumi, akabana mishipa ya pande zote mbili za kifundo. Ngumi ilipokunjuliwa, akaachia upande wa kovu. Kiganja kilibaki kimepauka. Basi mkono huo ulikuwa ukilishwa na mshipa mmoja tu, uleule aliotaka kuutoboa. Ukija kuziba baadaye, vidole vingekuwa hatarini. Akajaribu wa kushoto. Damu ilirudi mara moja.

"Tunapita kushoto," alimwambia muuguzi, ingawa vifaa vilipangwa upande wa kulia na ingembidi afanye kazi akiwa ameinama juu ya mgonjwa.

Nje, kwenye benchi, Nuhu alimsimulia shemeji yake yote. Wakati huo yeye Nuhu alikuwa na miaka kumi na tisa. Haruna alimzaba kofi mbele ya wenzake, naye akashika kisu cha kuparia samaki. Habari ya bati aliitunga Haruna mwenyewe njiani kwenda zahanati, damu ikimtoka, ili baba yao asimfukuze Nuhu nyumbani.

"Shemeji, miaka thelathini na minne mmenificha," Mwamini alisema.



Baada ya dakika arobaini daktari alitoka kuwaambia mshipa umefunguka na maumivu yamekwisha.

Jioni waliruhusiwa kuingia. Haruna alikuwa amefungwa bendeji kifundo cha kushoto, ameambiwa asiukunje mkono huo, na wa kulia ulikuwa na dripu. Mwamini akaketi, akawa anamlisha uji kwa kijiko. Hakumuuliza kitu. Nuhu alisimama miguuni pa kitanda, hajui aweke wapi mikono yake, mpaka Mwamini alipompa bakuli amshikie.