Unamwamini Nani?

Generosa alikuwa akipanga vitenge vya njano kwenye rafu ya duka lake pale Katoro, na mumewe, Maduhu, ameketi kwenye kochi na kompyuta mapajani, akiiwekea tovuti ya duka hilo neno la siri.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Tovuti aliitengeneza Maduhu mwenyewe. Kwa muda mrefu yeyote aliweza kuifungua, akatazama picha, akaandika maneno chini yake. Chacha, mnunuzi wa dhahabu, alikuwa ameandika: "Hiki kinakupendeza, Mama Noela." Kitenge chenyewe kilitundikwa ukutani, hakuna aliyekivaa. Maduhu aliisoma sentensi ile mpaka chai yake ikapoa.

"Wateja watasumbuka," alisema Generosa.

"Ni usalama."

"Wa nani?"

Maduhu aliendelea kuandika. Kuanzia siku hiyo, aliyetaka kuingia alijisajili, akachagua neno la siri, akajibu swali la kuthibitisha kuwa ndiye, kisha akasubiri Maduhu amkubali. Swali alilitunga mwenyewe: Unamwamini nani? Wengi waliandika mama. Chacha aliandika mizani yangu, na mfumo ukaridhika. Aliyemkataa ni Maduhu.

Kesho yake Chacha alikuja kwa miguu yake. Alipofika kizingitini, mguu ulisimama hewani kama uliogota ukuta. Akajaribu kwa bega. Akarudi nyuma, akavuta stuli iliyokuwa barazani, akanunua doti mbili kupitia dirishani.

"Mfumo umenikataa," alimweleza dereva wa bodaboda.

"Hata benki huwa hivyo," alijibu dereva.

Roho ya Maduhu ilitulia, lakini haikutulia sana. Alimkumbuka fundi cherehani, aliyejua kiuno cha Generosa kwa futi kamba. Akamfuta. Akamfuta muuza maziwa, kwa kuwa Generosa alicheka alipomsikia akipiga kengele. Barazani kukaongezwa stuli, na watu wakazoea kuagiza dirishani.

Siku moja asubuhi Mabula, kaka yake Generosa, alishuka kutoka Kagongwa na gunia la mchele begani. Akakwama mlangoni.

"Mwangaluka, shemeji. Mbona sipiti?"

"Hujajisajili."

"Nijisajili kumwona dada yangu?"

"Kila mtu anajisajili, shemeji."

Mabula alilitua gunia barazani. Generosa alitoa mkono dirishani, akamshika kaka yake, akakaa hivyo kitambo. Maduhu aliutazama mkono ule.

"Mimi hujawahi kunishika hivyo," Maduhu alimwambia mkewe, Mabula alipokwisha kuondoka.

Mchana kutwa aliukaza mfumo. Mwenyewe hakuwahi kujisajili. Siku zote aliingia kwenye tovuti kwa njia ya nyuma, ile ya mafundi. Sasa akawaza kwamba mjanja mmoja angeweza kuigundua. Akaifunga, kisha akatoka kununua vocha.

Aliporudi jioni, kizingiti kilimzuia. Maduhu hakushangaa, aliuona uzuri wa kazi yake. Alikaa kwenye stuli akajisajili kwa simu. Likaja swali. Akaandika: Generosa. Jibu si sahihi. Akaandika: mke wangu. Jibu si sahihi. Akaandika: Mungu. Jibu si sahihi.

Kila jibu lilifika pia kwenye simu ya Generosa, maana duka lilikuwa lake. Alikuwa amemaliza kusonga ugali. Akasogea dirishani akiwa bado ameshika mwiko.

"Andika la kweli, Baba Noela. Chakula kinapoa."

Maduhu alikaa na simu mkononi. Mtaa ulikuwa ukiwasha taa. Mwishowe akaandika: Sina.

Kizingiti kikamwachia, akaingia.

Generosa alilisoma jibu lile, akaifunika simu juu ya meza, akaleta maji, akamnawisha mumewe kama alivyomnawisha kila siku. Maduhu alimega tonge, akachovya kwenye mchuzi wa sato.

"Nilipokuwa nje," alisema, "nilikusikia ukiongea dirishani. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na wewe."

Maduhu akatafuna taratibu, akipima kama jibu hilo ni la kweli.