Kona ya Kuelekea Makaburini

Gari kuukuu la Mbuyu lilizima kwenye kona ya kushoto, karibu kabisa na makaburi, likiwa limebeba jeneza la Caleb. Vijana waliokaa kandokando ya jeneza walikuwa wamemshikia bango Mbuyu, dereva, akate kona kwa kasi kama ilivyo desturi yao, naye kwa kupenda sifa akaikata. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Nyimbo zilikatika. Watu wakaanza kuambiana kile Mbuyu alichokiogopa: maiti amekataa kwenda, basi aliyemuua yuko hapa hapa. Macho yote yakamgeukia mjane, Séraphine. Didier, mdogo wa marehemu, akamwamuru apige magoti mbele ya jeneza aungame, la sivyo asirudi nyumbani kwa watoto wake.

Mbuyu alibaki ameshika usukani. Kosa lilikuwa lake. Wiki iliyopita alikunja kiulimi cha boya, kile kinachopima petroli ndani ya kabureta, ili kibakuli chake kishike petroli kidogo, gari lisile mafuta sana. Huo ulikuwa ujuaji wake mwenyewe. Kwenye njia iliyonyooka ilitosha, lakini kwenye kona kali petroli yote ilikimbilia upande mmoja, injini ikavuta hewa tupu. Akisema, nani atamwita tena kubeba maiti? Kwa miaka kumi na mitano Kalemie nzima ilimsifu kwamba gari lake halikatai mtu.

Séraphine alikuwa ameshaweka goti moja mchangani.

Mbuyu akashuka. "Mumuache mama. Njo miye nilikosa. Nilichezea kabureta."

Didier akasema amehongwa. Mbuyu aliomba washushe jeneza, akawasha gari, akalirudisha nyuma, akaja kwa kasi ile ile. Kwenye kona likazima. Akarudia, likazima tena, tupu, bila maiti. Hakuna aliyetaka arudie tena, na Didier akakosa pa kutazama.

Jeneza lilimaliza safari mabegani. Mbuyu alifuata nyuma kabisa kwa miguu, peke yake, mpaka Séraphine alipopunguza mwendo akamngoja.

"Papa Mbuyu," alisema polepole, "tuligombana na Caleb asubuhi ile alikufa. Hata miye nilishaanza kuamini njo miye nilimuua. Kama ungekawia kidogo, ningekubali."