Kitambaa cha Afande

Miaka kumi fundi cherehani alimshonea inspekta sare, akimpima kifua, kiuno na mapaja huku wakipiga soga kama ndugu. Wiki iliyopita inspekta huyo huyo aliongoza msako, akamtia pingu mpenzi wa fundi, mwanamume mwenzake, kwa kosa la kupendana, basi. Na leo, bila haya, kaja na kitambaa cha sare mpya: msako ule umempandisha cheo.

"Yule uliyemkamata ni wangu," fundi akamwambia, futi mkononi. "Haya, nyanyua mikono."

Inspekta akaruka nyuma. "Usiniguse!"

"Mikono ni ile ile, afande. Miaka kumi ulikuwa unacheka."

Inspekta akatoka mbio kuita askari. Fundi akakitandaza kile kitambaa, akaanza kukata bango la maandamano ya kesho ya kupinga msako ule.